ISO uliyoihariri haibuti: tafuta mahali kijiti kilipoanguka

Umechukua ISO (faili moja lenye taswira ya diski nzima) ya Debian, ukatia faili la majibu ili usakinishaji ujiendeshe wenyewe, ukaijenga upya, ukachoma DVD. Unaitia kwenye mashine, unasubiri. Skrini nyeusi, kishale kinapepesa pembeni, basi. Au menyu inatokea vizuri, kisha kerneli, kiini cha Linux, inaanguka. Au, na hili ndilo linalochosha kuliko yote, kila kitu kinakwenda sawa ila kisakinishi kinakuuliza lugha, nchi na kibodi kana kwamba faili lako la majibu halipo.

Mimi kazi hii naifanya zaidi kwa ajili ya vyumba vya kompyuta vya shule: mashine za mtumba, intaneti ya kusuasua, na mtu mmoja wa kuzisakinisha zote kabla muhula haujafunguliwa. Diski iliyoandaliwa vizuri inamwondolea mtu huyo siku nzima za kujibu maswali yale yale. Nimeona wengi wakiiacha njia hii baada ya diski mbili tatu kugoma, nao walibakiza hatua moja tu wafike. Ndiyo sababu ya maelezo haya. Mfano wangu ni Debian 12 ya prosesa za amd64, ila mengi yanafaa pia kwa Ubuntu, Fedora na nyinginezo.

Kubuti ni mbio za kupokezana kijiti. BIOS au UEFI (programu ya ndani ya mashine inayoiwasha, ya zamani na ya kisasa) humkabidhi kipakiaji, yaani programu ya kupakia kerneli, kipakiaji hukabidhi kerneli, kerneli hukabidhi initrd, mfumo mdogo wa mafaili wa kuanzia, na initrd hukabidhi kisakinishi. Kila mkimbiaji ana namna yake ya kulia akianguka. Kwa hiyo kabla hujagusa chochote, jiulize: kitu cha mwisho nilichokiona kwenye skrini ni kipi? Ukiona menyu, usipoteze usiku ukirekebisha katalogi ya kubuti (orodha ndani ya diski inayosema kipande cha kuanzia kiko wapi); hiyo imeshamaliza kazi yake.

ISO haifanani na zipu

Nalieleza hili kwa kirefu kwa sababu nusu ya hitilafu zote zinatoka hapa.

ISO 9660 ni mfumo wa mafaili uliobuniwa kwa diski za kusomwa tu. Sekta yake ina baiti 2,048. Sekta 16 za mwanzo, yaani baiti 32,768, zimeachwa bila matumizi maalumu. Ukihesabu kuanzia sifuri, sekta ya 16 ndiyo yenye maelezo ya diski, pamoja na lebo yake. Utaratibu wa kubuti kutoka CD ulikuja baadaye, mwaka 1995, ulipoandikwa na Phoenix na IBM ukaitwa El Torito. Utaratibu huo unaweka kwenye sekta ya 17 rekodi ndogo inayosema katalogi ya kubuti iko sekta namba fulani. Katalogi nayo inasema kipande cha kuanzia kiko sekta namba fulani.

Namba ya sekta, basi. BIOS haijui jina `isolinux.bin`, yaani kipakiaji chake, wala haijui limo folda gani. Ukifungua ISO kwa programu ya kufungulia zipu, ukatoa mafaili, ukayafunga tena kwa programu isiyojua El Torito, mafaili yote yatakuwemo bila hata moja kupungua, na diski haitabuti. Mtu ataifungua, ataona kila kitu mahali pake, ataapa kwamba diski ni nzima. Kilichopotea hakikuwa faili.

Kuna na jambo la pili. ISO nyingi za Linux za siku hizi zinabuti pia zikiandikwa kwenye fleshi, kwa sababu ndani ya zile baiti 32,768 za mwanzo kumewekwa rekodi ya kubuti ya diski ngumu. Hiyo nayo si faili. Ukitoa mafaili, inabaki nyuma.

Iulize ISO ya asili kwanza

Kabla ya kuhariri, omba ISO ikueleze ilivyojengwa, kwa `xorriso`, programu ya kuchunguza, kujenga na kuchoma ISO:

```
xorriso -indev asili.iso -report_el_torito as_mkisofs
```

Utapewa orodha ya vigezo vyote vinavyohitajika kuijenga tena ilivyokuwa. Ihifadhi. Watu wengi hunakili amri ya kujengea kutoka maelezo ya miaka kumi iliyopita, yaliyoandikwa kwa ISO nyingine kabisa, halafu wanashangaa. Ubuntu, kwa mfano, iliacha isolinux kuanzia toleo la 20.10 ikahamia GRUB, kipakiaji kingine, kwa BIOS na UEFI zote mbili. Amri ya zamani yenye `isolinux.bin` hapo haina cha kushika.

Kama unachobadilisha ni mafaili machache, usiijenge upya kabisa. Njia hii ndiyo naipenda, na ningekuwa na uwezo ningeifanya iwe ya kwanza kufundishwa:

```
xorriso -indev asili.iso -outdev mpya.iso \
  -boot_image any replay \
  -map kazi/grub.cfg /boot/grub/grub.cfg \
  -map kazi/initrd.gz /install.amd/initrd.gz
```

Inanakili yote, inabadilisha ulichotaja tu, na inarudia mpangilio wa kubuti wa asili bila wewe kuukariri. Ikikataa na kusema kwamba `-outdev` si tupu, maana yake `mpya.iso` ya jaribio lililopita bado ipo. Ifute, urudie.

Faili halikubali kuhaririwa

Umeipachika ISO kwa `mount -o loop`, ukafungua faili, na mfumo unasema ni la kusoma tu. Haijalishi wewe ni root (msimamizi mkuu wa mfumo) au siyo. ISO 9660 haiandikiki ikiwa imepachikwa. Toa nakala:

```
xorriso -osirrox on -indev asili.iso -extract / isofiles
chmod -R u+w isofiles
```

Mstari wa pili usiuruke. Mafaili yanatoka yakiwa na ruhusa za kusoma tu. Ukija kujenga kwa `genisoimage`, programu hiyo huandika jedwali dogo la baiti 56 ndani ya `isolinux.bin` lenyewe, na isipoweza kuliandika itakwama.

Uangalifu mmoja hapa. Ukitoa mafaili kwa `cp -r /mnt/* isofiles/`, ile nyota haishiki folda lililofichwa la `.disk`. Kumbuka jina hilo, tutalikuta tena huko mbele. Na ukitoa kwa 7-Zip utaona folda linaloitwa `[BOOT]`. Folda hilo halimo kwenye ISO. Programu inakuonyesha tu kipande kilichotajwa na katalogi ya kubuti. Kulirudisha ndani ya ISO mpya kama folda la kawaida hakuifanyi ibuti.

Mashine inaipita diski kama haikuiona

Inazunguka kidogo, kisha inaingia Windows ya zamani au inasema hakuna kifaa cha kubutia.

Ifungue kwanza diski kwenye kompyuta nyingine. Ukiona faili moja tu, `mpya.iso`, ulichoma faili badala ya kuchoma yaliyomo. Choma tena kwa chaguo la kuchoma taswira ya diski, au kwa amri:

```
xorriso -as cdrecord -v dev=/dev/sr0 mpya.iso
```

Kama ndani mna mafaili ya kawaida, iulize ISO yako swali lile lile uliloiuliza ya asili, safari hii kwa `-report_el_torito plain`. Isipotaja kipande chochote cha kubuti, ilijengwa bila El Torito na jibu umelipata. Ikitaja kimoja tu cha BIOS huku mashine yako ikiwa ya UEFI tupu, au kinyume chake, hilo nalo ni jibu. ISO ya Debian ina viwili: kimoja cha BIOS, `isolinux/isolinux.bin`, na kimoja cha UEFI, `boot/grub/efi.img`, ambacho chenyewe ni diski ndogo ya FAT iliyofungwa ndani ya faili. Amri ya kuijenga upya yote inakuwa hivi:

```
dd if=asili.iso bs=1 count=432 of=isohdpfx.bin

xorriso -as mkisofs -r -J -joliet-long \
  -V 'DEBIAN_SHULE' -o mpya.iso \
  -isohybrid-mbr isohdpfx.bin \
  -c isolinux/boot.cat -b isolinux/isolinux.bin \
  -no-emul-boot -boot-load-size 4 -boot-info-table \
  -eltorito-alt-boot -e boot/grub/efi.img \
  -no-emul-boot -isohybrid-gpt-basdat \
  isofiles
```

Amri ya `dd` ndiyo inayookoa ile rekodi ya fleshi niliyosema inabaki nyuma. Njia zinazofuata `-b`, `-c` na `-e` huhesabiwa kuanzia mzizi wa ISO. Ukiandika `isofiles/isolinux/isolinux.bin` programu italalamika haioni kipande cha kubuti ilhali wewe unakiona kwa macho yako.

Kwa Ubuntu mpya kuna mtego wa ziada. Kipande cha UEFI hakimo katikati ya mafaili. Kimebandikwa mwishoni mwa ISO kama patisheni ya pili. Ukitoa mafaili, hakitoki nayo. Ndiyo maana mtu anapata ISO inayobuti kwenye mashine za BIOS na kugoma kwenye zote za UEFI. Vigezo ulivyovihifadhi mwanzo vinaonyesha kilipo na namna ya kukirudisha, au tumia `replay` uepuke habari yote hiyo.

Isolinux inaongea, lakini haiendelei

Hapa BIOS imekabidhi kijiti. Soma maneno yaliyopo.

"Image checksum error" maana yake kipakiaji kimejikagua kikajikuta tofauti na jedwali lake. Ama ulibadilisha `isolinux.bin` baada ya kujenga, ama diski imechomwa vibaya. Ukisahau kabisa `-boot-info-table`, isolinux haitajua ilipo kwenye diski, na dalili hubadilika kutoka mashine moja hadi nyingine. `-boot-load-size 4` nayo inaiambia BIOS isome vipande vinne vya baiti 512, yaani sekta moja ya CD. Zipo BIOS za zamani zinazogoma kwa namba nyingine yoyote.

"Failed to load ldlinux.c32": kuanzia toleo la 5, isolinux inahitaji faili hilo pembeni yake. Ukiwa umechukua `isolinux.bin` kutoka kwenye mfumo wako na kuiweka juu ya ile ya ISO, umechanganya matoleo. Ndugu yake ni ujumbe unaosema `menu.c32` "not a COM32R image": moduli za toleo moja, kipakiaji cha toleo jingine. Dawa ni kuyarudisha yote ya asili. Sijaona sababu ya kubadilisha isolinux kwenye ISO inayobuti vizuri.

Ikisema haioni kerneli, tazama majina. Bila `-r`, majina marefu yanaweza kukatwa yakawa ya herufi nane na nukta na herufi tatu, kama enzi za DOS. `isolinux.cfg` inatafuta jina refu, diski ina fupi.

UEFI inakutupa kwenye `grub>`

Hapa ndipo `.disk` inaporudi. GRUB iliyomo ndani ya `efi.img` ya Debian haijui diski yako ni ipi kati ya vifaa vilivyopo. Inaitambua kwa kutafuta faili `/.disk/info`. Folda lililofichwa likiachwa wakati wa kunakili, GRUB haioni nyumbani kwake, na inakuachia mstari mtupu wa kuandikia amri. Hata ukibuti kwa njia ya BIOS na kuipita hatua hii, kisakinishi chenyewe kinatafuta faili hilo hilo kuhakikisha hii ni diski ya Debian, na kitaikataa diski yako. Kosa moja la nyota kwenye `cp`, vilio viwili sehemu mbili tofauti.

```
ls -a isofiles
```

Fanya hivyo kila mara kabla ya kujenga.

Ukiona "bad shim signature", hiyo ni Secure Boot, ulinzi wa UEFI unaokataa programu zisizo na saini inayoaminika. Kuhariri `grub.cfg` ya Debian hakuivunji, kwa sababu faili hilo halina saini. Kuweka kerneli uliyoijenga mwenyewe kunaivunja. Rudisha kerneli ya asili yenye saini, au zima Secure Boot kwenye mashine husika kama una mamlaka nayo.

Umebadilisha menyu, lakini inatokea ile ile

Menyu ziko mbili. Ya BIOS iko ndani ya `isolinux/`, kwenye mafaili kama `menu.cfg`, `txt.cfg` na `gtk.cfg`. Ya UEFI iko `boot/grub/grub.cfg`. Ukihariri moja, mashine za aina ya pili hazitajua. Kwenye chumba chenye mashine za umri tofauti utaona hizi zinatii na zile hazitii, na utadhani zile ni mbovu. Hariri zote mbili.

Kerneli inaanza, halafu "Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)"

Wengi wakiona neno "root fs" wanakimbilia kutafuta tatizo la diski ngumu. Kwenye ISO iliyohaririwa karibu kila mara ni initrd. Kerneli imeshindwa kuifungua, au imeifungua isione `/init`, ikabaki kujaribu kupachika mzizi ambao hakuna aliyeutaja.

Angalia kama mstari wa initrd kwenye menyu haukupotea ulipokuwa unahariri. Kisha angalia ulivyoifunga. Initrd ni kumbukumbu (faili moja lililofungashiwa mafaili mengi) ya `cpio` ya muundo wa `newc`, na muundo ambao `cpio` hutumia usipotaja chochote siyo huo. Tena lazima ufunge ukiwa ndani ya folda, siyo nje yake:

```
cd initrd-wazi
find . | cpio -H newc -o | gzip -9 > ../initrd.gz
```

Ukifunga ukiwa nje, `/init` inakuwa `/initrd-wazi/init`, na kerneli haiendi kutafuta huko. Fanya kazi hiyo kwa root au kwa `fakeroot`, la sivyo umiliki wa mafaili utabadilika. Ukitaka kubana kwa xz badala ya gzip, andika `xz --check=crc32`, kwa kuwa ukaguzi ambao xz huweka kwa kawaida haueleweki kwa kerneli.

Ya Ubuntu ina sura nyingine. Ukijaribu kuifungua kwa `zcat` unaambiwa si gzip. Ukitumia `cpio` moja kwa moja unapata folda dogo la `kernel` lenye mafaili ya prosesa tu, mengine huyaoni. Hiyo si initrd mbovu. Ni kumbukumbu kadhaa zilizounganishwa mkia kwa kichwa, ya kwanza ikiwa haijabanwa. `unmkinitramfs` inazitenganisha vizuri. Ukija kuzirudisha, ziunganishe kwa mpangilio ule ule.

Kisakinishi kinauliza kila kitu

Dalili hii ina ladha tatu, na tofauti yake ndiyo jibu.

Kikiuliza lugha, nchi na kibodi kisha kikaendelea chenyewe, faili lako la majibu, `preseed.cfg`, limesomwa, ila limesomwa kwa kuchelewa. Uliliweka kwenye diski na kulitaja kwa `file=/cdrom/preseed.cfg`. Diski hupachikwa baada ya maswali hayo ya mwanzo. Ongeza `auto=true priority=critical` kwenye mstari wa kerneli, au litie ndani ya initrd:

```
gunzip isofiles/install.amd/initrd.gz
echo preseed.cfg | cpio -H newc -o -A -F isofiles/install.amd/initrd
gzip isofiles/install.amd/initrd
```

Lazima `preseed.cfg` liwe kwenye folda ulilosimama, maana jina linalohifadhiwa ni lile ulilolipitisha, na kisakinishi kinalitafuta kwenye mzizi wa initrd.

Kikiuliza kila kitu bila kuruka hata kimoja, na una uhakika ulilitia, tazama ni initrd ipi. Debian ina mbili: `install.amd/initrd.gz` ya usakinishaji wa maandishi, na `install.amd/gtk/initrd.gz` ya usakinishaji wa picha. Menyu, ukiiacha bila kugusa, huchagua ule wa picha. Kwa hiyo unahariri ya kwanza, mashine inabuti ya pili. Hili limenila jioni nzima, nikilisoma faili la majibu mstari kwa mstari kutafuta kosa ambalo halikuwemo.

Na kama ni maswali machache tu yanayoponyoka, basi ni faili lenyewe. Kati ya aina na thamani iwe nafasi moja tu au tabo moja; nafasi ya pili huhesabiwa kuwa sehemu ya thamani.

```
d-i time/zone string Africa/Dar_es_Salaam
```

Andika nafasi mbili baada ya `string`, na mji huo haujulikani tena. Faili lililoandikwa kwenye Windows hubeba alama za mwisho wa mstari zisizotakiwa. Lipitishe kwenye `dos2unix`. Halafu likague kwa `debconf-set-selections -c preseed.cfg` kabla hujalitia popote.

Nikiwa hapa, mambo mawili ninayomsisitiza kila ninayemfundisha. Nenosiri lililoandikwa wazi kwenye `preseed.cfg` linasomwa na yeyote atakayeishika diski, tumia `passwd/root-password-crypted`. Na kama majibu yako yanafuta diski ngumu bila kuuliza, usiiwekee menyu muda wa kuanza yenyewe. Diski ya namna hiyo ikisahaulika ndani ya mashine ya mhasibu, umeme ukikatika na kurudi, kazi za mwaka mzima zinaondoka na hakuna aliyebonyeza kitu.

Mfumo wa moja kwa moja haujioni

Kwa diski zinazoendesha mfumo bila kusakinisha, kijiti cha mwisho ni faili la squashfs, lenye mfumo mzima uliobanwa. Ubuntu ikisema "Unable to find a medium containing a live file system" na kukuacha kwenye `(initramfs)`, angalia kwanza kama jina na mahali pa squashfs havikubadilika. Kisha, kwa mara nyingine, angalia `.disk`: ndani yake mna kitambulisho kinacholinganishwa na kilichomo kwenye initrd. Ukichukua initrd ya toleo jingine, havilingani.

Fedora na jamaa zake hutafuta diski kwa lebo. Kwenye diski zao za usakinishaji, mstari wa kerneli una `inst.stage2=hd:LABEL=` na jina. Ukijenga kwa `-V` yenye jina jipya bila kubadilisha mstari huo kwenye menyu zote, unaishia kwenye ganda la dracut (mstari wa amri wa dharura) na onyo kwamba `/dev/root` haipo. `blkid asili.iso` itakupa lebo ya awali. Nafasi ndani ya lebo huandikwa `\x20` kwenye mstari wa kerneli, na lebo yenyewe haizidi herufi 32.

Inabuti kwenye QEMU, inagoma kwenye diski

Natumaini unajaribu kwenye QEMU, programu inayoiga mashine nzima, kabla ya kuchoma. DVD tupu ni hela. Jaribu njia zote mbili:

```
qemu-system-x86_64 -m 2048 -cdrom mpya.iso -boot d
qemu-system-x86_64 -m 2048 -cdrom mpya.iso -bios /usr/share/ovmf/OVMF.fd
```

Ya kwanza ni BIOS, ya pili ni UEFI baada ya kusakinisha kifurushi cha `ovmf`. Zikipita zote na diski bado inagoma, ISO haina kosa. Linganisha kilichochomwa na kilichokusudiwa:

```
head -c $(stat -c %s mpya.iso) /dev/sr0 | cmp - mpya.iso
```

Ikinyamaza, viko sawa. Ikitaja baiti, choma tena kwa kasi ndogo, au badilisha aina ya diski. Ikilia kwa hitilafu ya kusoma mwishoni kabisa, huenda ni tabia ya mifumo ya uendeshaji inayosoma mbele kupita mwisho wa wimbo, yaani sehemu iliyochomwa. Kigezo cha `-pad` huongeza sekta 150 tupu mwishoni ili kisomacho kisianguke ukingoni.

Ukubwa nao uupime kabla. CD ya dakika 80 inabeba baiti 737,280,000, na DVD+R ya safu moja baiti 4,700,372,992. Ile "4.7" iliyoandikwa kwenye boksi imehesabiwa kwa elfu, siyo kwa 1,024, kwa hiyo ISO ambayo kompyuta yako inaionyesha kuwa na GiB 4.5 haiingii.

Na ikiwa diski imelingana baiti kwa baiti, QEMU imepita, na mashine moja kati ya zote bado inaipita, safisha lenzi ya kiendeshi chake au ichomeke kiendeshi cha nje cha USB. Mashine za mtumba husafiri mbali kabla hazijafika kwetu, na vumbi la safari hiyo hukaa humo.